Namna nilivyojifunza kutia nanga katika Ziwa Kivu

Nilipoanza kusafiri kwa tanga kutoka Goma nilidhani kwamba kazi ngumu ingekuwa mwendo. Mtumbwi wangu wa mbao, wenye urefu wa mita 7, niliusimamishia mlingoti wa mkaratusi na tanga la turubai, nikauongezea mkuku mrefu, ule ubao wa chini ya mtumbwi, ili upepo usiusukume upande, na baada ya majuma machache niliweza kupiga bisho, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kupinda huku na huku, bila kuona haya mbele ya wavuvi. Kilichonishinda ni kusimama. Ziwa hili linafika kina cha karibu mita 480, na kingo zake nyingi ni mbavu za milima iliyozama, hivi kwamba unaweza kuwa mahali ambapo mtoto angerusha jiwe likafika nchi kavu, na bado kamba yako yote isiguse chini.

Nanga yangu ya kwanza, ya chuma kizito, ambayo bei yake sikumwambia mke wangu, ilidumu siku moja. Niliitupa mbele ya mji, pale ambapo lava ya volkano ya Nyiragongo iliingia ziwani mwaka 2002, ikanasa katika mwamba na haikutoka tena. Mchomeleaji wa mtaani kwetu alinitengenezea nyingine kwa nondo nne zilizopindwa kama kulabu, nyembamba kiasi kwamba ikinasa unaivuta kwa nguvu, kulabu zinanyooka, nanga inapanda, kisha unazipinda upya kwa nyundo. Haina sura, lakini ninayo hadi leo.

Mwezi wa saba mwaka 2019, mimi na mdogo wangu tuliamua kwenda Bukavu, mji ulio mwisho wa kusini wa ziwa, safari ya kilomita kama 100, bila mota. Usiku wa kwanza tulilala Tchegera, kisiwa kilicho ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambacho kwa kweli ni ukingo wa kreta uliopinda kama mwezi mchanga. Maji ya upande wa ndani hayakutikisika hata kidogo, na utulivu huo ulitupa kiburi.

Usiku wa pili tuliingia katika kighuba upande wa magharibi wa kisiwa cha Idjwi. Nilishusha bildi, jiwe dogo lililofungwa kwenye uzi wenye mafundo, nikapata mita 12. Nikatia nanga na kulegeza kamba mita 60, yaani mara 5 ya kina, kama inavyopendekezwa. Upepo wa jioni ulikuwa bado unatoka ziwani, ukitusukuma kuelekea nchi kavu, na nanga ilishika vizuri sana. Sikufikiri kwamba usiku, milima ikishapoa, hewa hugeuka na kuteremka kutoka nchi kavu kwenda ziwani.

Niliamshwa na nyimbo. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye omo, mbele ya mtumbwi, akaniita kaka kwa sauti ya chini, “Yaya, miti iko wapi?” Hapakuwa na miti. Pande zote zilikuwa taa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na sisi tulikuwa katikati yao, nanga ikining'inia wima chini yetu kama ndoo kisimani. Mzee mmoja alitumulika, akatazama kamba yetu, akaelewa kabla sijajieleza.

“Mtoto wangu,” akasema, “chini ya maji pale ni mteremko. Nanga ukiivuta kupanda, inashika. Ukiivuta kushuka, itashika nini? Mtumbwi unafungwa kwenye mti.”

Ndivyo tulivyofanya katika siku zote zilizofuata. Tulikuwa tukikaribia ukingo polepole, tukiangusha nanga upande wa tezi, yaani nyuma, tukiwa bado mbali kidogo, kisha mmoja wetu anaogelea na kamba ya omo hadi kwenye mti mnene. Usiku, upepo wa nchi kavu unabebwa na mti. Asubuhi, upepo wa ziwani ukirudi, nanga inavutwa kupanda mteremko na inazidi kujichimbia, na mtumbwi haugongi mawe.

Kuna watakaouliza kwa nini tusilale tu nchi kavu. Upande wa kaskazini, kati ya Goma na Sake, kuna mazuku, hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, ambayo usiku usio na upepo hujaa mabondeni na kuua bila harufu wala onyo. Upande huo sifungi hata mtumbwi karibu na bonde. Ninachagua rasi iliyoinuka, ingawa ina mawimbi zaidi.

Jambo la mwisho alilibuni mdogo wangu. Baada ya kutia nanga, aliiacha bildi sakafuni mwa ziwa, akalegeza uzi kidogo, akafunga ncha yake kwenye kidole gumba cha mguu, ili mtumbwi ukianza kuhama uzi umwamshe. Tulipofika Bukavu, ambako ghuba haina kina kikubwa kama huku kwetu, tulifunga mtumbwi kwa kamba tatu kwenye gati la rafiki, tukala, tukalala. Alfajiri nilimkuta na uzi ungali kidoleni.