Nilivyoacha kuchana kadi

Gofu niliianza nikiwa na miaka 14, kedi wa kubeba mikoba ya wachezaji hapa Moshi. Mkono ulikubali mapema, ila hasira zilinitesa sana. Kwenye shindano moja la Jumamosi mpira ulinigomea mara tatu ndani ya banka, lile shimo la mchanga. Nikachana kadi ya kuhesabia mikwaju, nikavunja fimbo ya kuazima kwa goti. Mzee niliyekuwa nambebea zamani akaniita pembeni: "Mwanangu, kadi umeichana, lakini mikwaju ulishaipiga." Kisha akanisimulia habari za Bobby Jones, mcheza gofu wa zamani.

Jones alizaliwa Atlanta, Marekani, mwaka 1902. Mwaka 1921, kwenye Open (mashindano ya wazi) ya Uingereza pale St Andrews, alikwama bankani shimo la 11 na kuacha raundi katikati. Miaka 19, banka, hasira: nilijiona mimi mwenyewe. Na huyohuyo alirudi St Andrews mwaka 1930 kutwaa ubingwa wa ridhaa wa Uingereza, kisha Open ya Uingereza, Open ya Marekani na ubingwa wa ridhaa wa Marekani, yote mwaka mmoja. Hakulipwa, riziki yake ilikuwa uwakili. Akastaafu ana miaka 28.

Kwangu mimi hata hayo manne hayafikii lile la 1925. Open ya Marekani, yuko kwenye nyasi ndefu anajiandaa kupiga, mpira ukasogea. Hakuna mwingine aliyeona. Akajihesabia mkwaju mmoja wa adhabu. Mwishowe akalingana na Willie Macfarlane, na kwenye marudiano akashindwa kwa mkwaju mmoja. Aliposifiwa, alijibu kwamba ni sawa na kumsifu mtu kwa kutoiba benki.

Basi nikajiwekea utaratibu. Nikikosea, fimbo inarudi mkobani kabla sijafungua mdomo. Natembea hatua 20 nikitazama Kibo, hata kama kuna wingu, ndipo nafikiria mkwaju unaofuata. Miezi ya mwanzo ilikuwa kazi kweli; kuna siku niliikaba fimbo mpaka vidole vikafa ganzi.

Masika yaliyopita, shimo la saba, nilitua fimbo nyuma ya mpira kwenye nyasi zenye umande. Mpira ukasogea, upana wa punje ya mchele. Mwenzangu alikuwa ng'ambo, kainama anatafuta wake.

"Kaka, mpira wangu nimeusogeza. Niongezee mmoja."

Nikaurudisha ulipokuwa, nikapiga. Nilimaliza kwa mikwaju sita. Nikamtazama anavyoiandika ile sita kwa penseli, kisha nikachukua fimbo tukaelekea la nane.