Mradi wa video za Buster Keaton: nimefika 1921

Haya wadau, mradi wangu wa video za Kiswahili kuhusu kazi za Buster Keaton, yule mchekeshaji wa filamu bubu wa Marekani, unasonga. Sehemu ya kwanza imeshahaririwa, inaanzia utotoni akiigiza jukwaani na wazazi wake mpaka 1917 alipokutana na Roscoe Arbuckle, mchekeshaji wa filamu, kule New York. Mwenyewe alisimulia kwamba mwanzoni tu aliomba kamera akaenda kuifungua vipande vipande aone inavyofanya kazi, na kwangu mimi Keaton ni huyo, fundi na mchekeshaji ndani ya mtu mmoja.

Sasa hivi niko kwenye filamu yake The Playhouse ya 1921 na sibanduki. Kuna shoti Keaton tisa wako jukwaani pamoja! Kompyuta hakuna, yaani mkanda uleule unarudishwa nyuma unapigwa tena na tena, mbele ya lenzi pamezibwa, kinaachwa wazi kijisehemu kimoja kila zamu, na kameramani wake Elgin Lessley anazungusha mtambo kwa mkono, mwendo uleule kila mara, kwa sababu ukiharibu zamu ya mwisho hata zile nane za kwanza zimekwenda.

Ili watu waelewe nimejirekodi kwa simu kwenye stendi niko mara tatu ndani ya picha moja. Kazi kubwa ni mapigo, nimewasha ngoma kwenye spika ili hatua zangu zilingane, na mwanga nao, wingu likipita kidogo tu ule mstari wa kuungia unaonekana. Imetoka poa sana, nitaiweka sambamba na shoti yake.

Inayofuata ni The General ya 1926, treni ya kweli kabisa inadondoka na daraja mtoni karibu na Cottage Grove, Oregon, hakuna kigari cha kuchezea pale, halafu ukuta wa nyumba unaomwangukia kwenye Steamboat Bill, Jr. ya 1928, amesimama palepale penye dirisha.

Miaka ya MGM, kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood, nitaipa video yake peke yake. Alisaini 1928, wakamnyang'anya uhuru wa kupanga kazi yake, pombe ikamzidi, 1933 wakamfukuza. Inaniuma kweli, ila sitaishia hapo maana aliendelea kufanya kazi karibu mpaka anafariki 1966.

Muziki bado. Nimejaribu udi na kanuni chini ya wale Keaton tisa, inakaa vizuri, nikipata rekodi safi ya ala tupu natumia hiyo.