Siku baba aliposema "Rudisha"

Jumamosi tulikuwa kwenye bajaji tukitokea Kabwe, dereva kaweka wimbo wa "Ndio Mzee". Ulipoisha, simu yake ikarukia wimbo wa msanii mwingine kabisa, lakini mimi nilishaanza kuimba mstari wa kwanza wa ule unaofuata kwenye kanda. Mwanangu akanigeukia. "Mama, mbona unaimba ambao haujapigwa?"

Nilimjibu kwa kifupi, tulikuwa tunakaribia kushuka. Hapa nasema yote.

Kanda ilikuwa ya kaka. Aliinunua Mwanjelwa, halisi, yenye kava lake, si zile za kurekodiwa dukani ambazo mwenye duka alikuchanganyia nyimbo za watu mbalimbali mpaka upande ujae. Ilikuwa *Machozi, Jasho na Damu* ya rapa Professor Jay, ya 2001, kazi ya mtayarishaji P Funk pale studio ya Bongo Records. Tulimjua tangu kundi lake la Hard Blasters, ila hatukuwa tumewahi kukaa na mtu mmoja kanda nzima, upande A na upande B, akitutoa kwenye jambo moja na kutuingiza kwenye lingine. Na kuruka wimbo hatukuthubutu, maana kupeleka kanda mbele kulimaliza betri. Tukuyu na mvua zake mnaijua: jua la kuanikia betri halipo, tulizipasha pembeni ya mafiga. Basi tulisikiliza zote, tulizozipenda na ambazo hatukuzipenda, na baada ya wiki chache zile ambazo hatukuzipenda ndizo zikawa zetu.

Baba alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Muziki huo kwake ulikuwa uhuni, na hakuwa peke yake. Wazazi wengi waliuona hivyo wakati ule. Akiingia, redio inazimwa.

Jioni hiyo mvua ilituzidi masikio, hatukusikia hatua zake. Tulishtukia amesimama mlangoni na koti limelowa chapachapa, katoka mkutanoni. Kaka akanyoosha mkono azime.

"Acha."

Ulikuwa ukipigwa huo huo, "Ndio Mzee". Mgombea kasimama mbele ya wananchi, anaahidi mambo ambayo hakuna binadamu wa kuyaleta, na umati unaitikia kila ahadi kwa maneno yale yale mawili. Baba aliujua umati ule. Ndiye aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba kuukusanya. Hakucheka, hakukunja uso. Aliinamisha kichwa kidogo kuelekea redio, maji yakimchuruzika kutoka kwenye koti hadi kwenye sakafu tuliyotoka kuisiriba. Mama akamwambia kutoka jikoni avue hilo koti. Akainua kiganja, bado.

Wimbo ukaisha.

"Rudisha," akasema.

Kaka akarudisha, akapitiliza, tukaangukia mkia wa wimbo uliotangulia. Tukaungoja umalizike, sote wanne sasa, kwa sababu mama naye alishasogea. Mara ya pili baba alikaa kwenye kigoda, koti bado mwilini. Kila umati ulipoitikia, aliangalia chini.

Halafu akaniuliza mimi. Si kaka mwenye kanda, mimi, wa kidato cha pili. "Wewe umesikia nini humo?"

Nyumbani kwetu mtoto wa kike aliulizwa kama amechota maji, kama amefunga mbuzi. Nikasema, "Nimewasikia wananchi, baba. Mgombea anaongea peke yake, lakini wanaompa nguvu ni wale wanaoitikia."

"Endelea."

Nikaendelea. Sikumbuki niliyoyasema baada ya hapo, nakumbuka tu kwamba hakunikatisha.

Mengine yalikwenda haraka. Midahalo ya shule, chuo cha ualimu, mikutano ya mtaa ambayo sikosi, na nikifika lazima niulize. Sugu, naye rapa, akawa mbunge wetu Mbeya Mjini mwaka 2010, Professor Jay akachaguliwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, na wote wawili niliwasikiliza kwa sikio lile lile walilonipa wao wenyewe, ahadi moja baada ya nyingine.

Kaka anashikilia kwamba ni albamu iliyonibadilisha, tena anataka nimshukuru, maana hela ilikuwa yake. Mimi nasema ni swali la baba. Yeye ananirudi: bila wimbo ule baba angeniuliza swali gani, na bila nyimbo za kabla yake, tulizosikiliza kwa kulazimishwa na betri, ningekuwa na jibu gani? Hapo hunishinda. Lakini nyumba nyingi pale kijijini zilikuwa na kanda ile ile, na wasichana waliokuwa ndani yake hawakuulizwa kitu. Nikimwambia hivyo, yeye naye hana la kusema, na Pasaka ikifika tunaanza upya.