Jinsi tulivyowapata dubu na mbwa mwitu wa Yellowstone mwezi Mei

Watu wengi ninaowafahamu huku Utah, Marekani, wameshafika hifadhi ya Yellowstone, na karibu wote wamerudi na picha zilezile: maji ya moto yanayoruka angani, na baisani, yule nyati wa huku, akikatiza barabara. Ukiwauliza kuhusu mbwa mwitu wanacheka tu. Wamekwenda Julai, wameingia hifadhini saa tano asubuhi, watoto wanalia njaa kiti cha nyuma. Kwa ratiba hiyo hata dubu utamwona kwa bahati.

Mimi nilikwenda wiki ya tatu ya Mei, makusudi kwa ajili ya wanyama hao wawili, pamoja na shemeji yangu aliyekuja kututembelea kutoka Arusha. Shemeji ameendesha magari ya watalii Serengeti na Ngorongoro miaka mingi, kwa hiyo jicho nilijua analo. Na nikisema mbwa mwitu hapa sizungumzii wale wenye mabaka na masikio mapana wa Selous na Ruaha. Hawa ni wa nchi za baridi, dume anaweza kufika kilo 50, wengine wa kijivu, wengine weusi tii.

Kwa nini Mei? Dubu aina ya grizli, madume, huanza kutoka mapangoni mwezi Machi, na majike wenye watoto hufuata Aprili hadi mwanzoni mwa Mei. Wanatoka na njaa ya miezi. Huko juu milimani bado ni theluji, nyasi mbichi zimechipua mabondeni tu, kwa hiyo baisani na elki, jamii ya kulungu wakubwa, wote wamejazana chini. Wapo waliokufa kwa baridi na njaa, na mizoga yao ndiyo inayowavuta dubu. Mbwa mwitu nao huzaa katikati ya Aprili, hivyo mwezi Mei kundi lina vitoto pangoni na wakubwa wanalazimika kurudi palepale kila siku. Ikifika Julai nyasi za juu zimeota, wanyama wanapanda, na wewe unabaki na bonde tupu na jua kali.

Tulichukua chumba Gardiner, mji mdogo wa Montana kwenye lango la kaskazini. Barabara inayotoka hapo, ikipitia Mammoth na Tower, vituo vya ndani ya hifadhi, hadi mji wa Cooke City, ndiyo pekee ndani ya Yellowstone inayoachwa wazi kwa magari mwaka mzima, na bahati nzuri ndiyo hiyohiyo inayokatiza bonde la Lamar. Kiingilio tulilipa dola 35 kwa gari, kwa siku 7. Hifadhi yenyewe ni ya mwaka 1872 na ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 9,000. Mtu akikwambia atazunguka yote kwa siku mbili aone na wanyama, mwache aende.

Shemeji alishangaa sana siku ya kwanza. "Sasa shemeji, dereva wetu nani? Na redio iko wapi?" Nikamwambia dereva ni mimi, redio hakuna, na kutoka nje ya lami hairuhusiwi. Serengeti yeye alizoea kusikia mwenzake akiita kwamba kuna chui kwenye mti fulani, dakika kumi baadaye yupo chini ya mti. Huku kazi ni kinyume. Unachagua mahali penye upeo mpana, unaegesha kwenye maegesho ya pembeni, unazima injini, unasimama hapo saa mbili au tatu na kulichambua bonde kipande kwa kipande. Anayekimbizana na wanyama kwa gari anaishia kuona migongo ya magari mengine.

Tuliondoka Gardiner saa kumi na robo alfajiri. Kipimajoto cha gari kilisoma nyuzi 4 chini ya sifuri, na huo ni mwezi wa tano! Nilikuwa nimemlazimisha shemeji avae suruali mbili na glavu, akalalamika hotelini, akashukuru Lamar. Giza lilikuwa bado zito, na baisani hawana taa. Wanalala barabarani kwa sababu lami ina ujotojoto, na rangi yao inamezwa na usiku. Nilikwenda kilomita 50 kwa saa na wakati mwingine chini ya hapo. Mtandao wa simu ulikatika mara tu tulipoiacha Mammoth nyuma, kwa hiyo ramani pakua mapema.

Kuhusu vifaa, nitasema wazi: darubini ya mkononi peke yake haitoshi. Mbwa mwitu wengi utawaona wakiwa umbali wa kilomita moja na zaidi, na kwa darubini ya kawaida hiyo ni punje nyeusi inayotembea. Tulikodi teleskopu ya miguu mitatu pale Gardiner, ile inayokuza kuanzia mara 20 hadi 60. Darubini unaitumia kutafuta, teleskopu kuthibitisha. Na usianze na mara 60: picha inatikisika, eneo linakuwa dogo, unapotea. Anza na 20, ukishampata mnyama ndipo uvute. Ikifika saa nne asubuhi ardhi inapata joto, hewa inaanza kucheza, na hata teleskopu ya bei mbaya inakuonyesha mnyama anayeyeyuka. Hapo funga, nenda kalale, urudi jioni.

Mbwa mwitu tuliwapata Slough Creek, kabla ya kufika Lamar yenyewe. Kundi linaloitwa Junction Butte limezalia maeneo hayo kwa miaka kadhaa, na hifadhi hufunga eneo la pango watu wasisogee, ila kutoka kwenye kilima karibu na barabara unaona mteremko wa ng'ambo. Tulifika tukakuta watu kama kumi na tano wamesimama kimya na teleskopu zao, wengi wazee, wamevaa kama wanakwenda Ncha ya Kaskazini. Hao ndio wa kuwatafuta. Ukiona kundi la watu wenye teleskopu zimeelekezwa upande mmoja, egesha vizuri, shuka polepole, funga mlango bila kuubamiza, salimia. Mama mmoja mwenye mvi alituangalia tunavyohangaika, akatuambia tuje tutazame kwake kwanza. Halafu akatuelekeza kwa namna ambayo watu hawa wameizoea: anza na mti mkavu uliosimama peke yake, shuka hadi kiraka cha theluji chenye mkia, nenda kulia hadi mwamba wa njano, simama hapo. Nikaenda na maneno yake hatua kwa hatua, na chini ya mwamba wa njano nikamkuta jike mweusi amelala, kichwa juu ya miguu ya mbele.

Kwa muda mrefu hakufanya lolote. Kisha akainua kichwa. Kutoka upande wa kushoto dume wa kijivu alikuwa anapanda mteremko kwa ule mwendo wao wa kutochoka, tumbo limejaa hadi linaning'inia, shingo na kifua vina damu iliyokauka. Vitoto vinne au vitano vikatoka kusikojulikana, vyeusi, vinajikwaa, vikamvamia mdomoni na kumlamba kwenye pembe za taya. Akainamisha kichwa, akatapika nyama. Yote ikaisha ndani ya nusu dakika. Vitoto vilipofumukana palikuwa pamebaki nyasi tupu. Shemeji, ambaye ameona simba wakiua mara zisizohesabika, aliniondolea jicho kwenye teleskopu kwa kunisukuma na bega.

Huyo mama ndiye aliyetusimulia habari za hapo, na mengi nilikuwa nimeshayasoma. Mbwa mwitu wa mwisho wa Yellowstone waliuawa mwaka 1926, tena kwa amri ya serikali. Mwaka 1995 na 1996 wakaletwa 31 kutoka Canada, na sasa ndani ya hifadhi wapo karibu 100, idadi inayopanda na kushuka. Ndani wanalindwa, wakivuka mpaka kuingia Montana, Wyoming au Idaho sheria ni nyingine. Msimu mmoja tu wa baridi, 2021 kwenda 2022, 25 wa makundi ya hifadhi waliuawa nje ya mpaka. Mpaka wenyewe hauna uzio, na mnyama hana jinsi ya kuujua. Maoni yangu ni kwamba hata mita mia chache za pembezoni wasikowindwa zingesaidia, lakini ukitaka ugomvi Gardiner, anzisha mada hiyo baa.

Dubu alitafutwa na shemeji, na namna alivyomtafuta ilinifurahisha. Tulikuwa Lamar, jioni, tumesimama muda mrefu bila kitu. Mimi nachambua vichaka. Yeye hakuwa anatafuta dubu hata kidogo. Alikuwa anawaangalia elki. "Shemeji, wale wote wameacha kula. Na wote wanatazama huko mtoni." Kweli, elki kama ishirini walikuwa wamekaza shingo upande mmoja. Tukageuza teleskopu. Juu ya kingo ya mto Lamar kunguru walikuwa wanapanda na kushuka, na chini yao kitu cha kahawia nilichokuwa nimekipita mara mbili nikidhani ni udongo kilisimama.

Grizli. Nundu ya mabegani ndiyo inayokupa uhakika, pamoja na uso uliobonyea katikati na masikio madogo ya mviringo. Alikuwa amemiliki mzoga wa baisani, nusu umo majini, nusu mchangani. Alivuta kwa meno akiwa amekita miguu ya nyuma, mzoga ukasogea kama mita moja, na kumbuka baisani mkubwa anapita kilo 500. Kucha zake zilikuwa ndefu, nyeupe nchani, ziliweza kuonekana kutoka tulipokuwa. Aliposhiba akaukalia, akalala juu yake kama mwenye gunia lake la mahindi stendi ya basi. Mbwa mwitu wawili wakaja baadaye. Mmoja akakaa mbele yake, hatua chache tu, hafanyi kitu, anatazamwa na kutazama. Mwingine akazunguka nyuma na kumng'ata matakoni. Dubu akageuka kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa mwili ule, na yule wa mbele papo hapo akachomoa kipande cha nyama na kuondoka nacho. Walirudia mchezo huo hadi giza likatunyima mwanga.

Dubu weusi walikuwa rahisi zaidi. Hao hukaa kwenye misitu ya kuzunguka Tower, karibu na barabara, na ndio wanaosababisha foleni. Karibu nusu yao hata si weusi. Tulimwona jike wa rangi ya mdalasini na shemeji akaapa ni grizli, mpaka askari wa hifadhi aliyekuwa anaongoza magari akamwonyesha kwamba nundu hakuna na uso umenyooka. Rangi isikudanganye.

Masharti ya umbali yafuatwe bila mjadala: mita 91 kwa dubu, mbwa mwitu na puma, mita 23 kwa wengine wote, baisani wakiwemo. Mwezi Mei baisani wana ndama wa rangi ya machungwa, wazuri mno, na hapo ndipo watu hupoteza akili. Mei 2023, katika bonde hilihili la Lamar, mtalii alimsukuma ndama aliyekwama ukingoni mwa mto ili kumsaidia. Mama na kundi wakamkataa, ndama akawa anafuata magari na watu, mwishowe wafanyakazi wa hifadhi wakamuua. Chakula nacho kisiachwe nje ya gari hata dakika moja. Chapati zetu tulizila vioo vikiwa vimefungwa. Zamani hoteli za hifadhi zilimwaga makombo majalalani na watalii wakawekewa viti watazame dubu wakila. Majalala ya mwisho yalifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baada ya taabu nyingi dubu walirudi kula chakula chao. Wasirudishwe huko na mfuko wa chipsi.

Ukitaka kutembea kwa miguu, hata hatua chache kutoka barabarani, nunua kopo la dawa ya pilipili ya kupulizia dubu, livae kiunoni na ujizoeze kuchomoa kifuniko cha usalama. Inafika mita 7 hadi 9 hivi, kwa hiyo ni ya dakika ya mwisho. Kwenye ndege hairuhusiwi, si mkononi wala kwenye sanduku, ndiyo maana inabidi kuinunua ukishafika.

Kama ningeambiwa nichague upya kati ya katikati ya Mei na wiki ya kwanza ya Juni, ningepata shida. Mei ina mizoga na vitoto vya mbwa mwitu vikiwa bado pangoni, na watu ni wachache. Mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni elki wanazaa, wanawaficha ndama kwenye vichaka, na grizli wanapita wakipekua kichaka kwa kichaka mchana kweupe. Pia barabara ya Beartooth kutokea upande wa Cooke City huwa imefunguliwa, ikiwa theluji imekubali. Bei za vyumba nazo zinakuwa zimepanda. Shemeji ameshaamua ni Juni, anasubiri tu viza itoke tena.