Ehee ya mama

Yaani tangu Jumapili hii ehee haijanitoka kichwani. Nilimpigia mama na furaha zangu kwamba hatimaye, baada ya ile miezi ya tanuru kuharibika (mnakumbuka nilivyolia hapa), matokeo yametoka. Nikamweleza, mama, nachoma kipande cha graniti hadi nyuzi 400, sitaki kufika 573 maana pale kwatzi, yale madini yaliyomo ndani ya graniti, inabadilika umbo inanivurugia kila kitu, halafu nakibana kwenye presi, nakimwagia maji baridi ghafla, sensa zinasikiliza kinavyopasuka. Kimya. Kisha: "Kwa hiyo umeenda mbali kote huko kuchoma jiwe?"

Mama yangu, aliyetusomesha kwa kuchoma majabali Mwanza na matairi, anayamwagia maji, anagonga kokoto!

Nikajitetea. Nikasema ni kwa ajili ya visima vya jotoardhi, maji baridi yakishuka kwenye mwamba wa moto ngozi yake inataka kusinyaa wakati tumbo bado limevimba kwa joto, basi ngozi inavutika, na jiwe kubanwa linavumilia sana ila kuvutwa haliwezi, nguvu yake hapo hata sehemu ya kumi ni bahati. Akajibu "ehee". Basi. Ni ehee ya nimekuelewa, au ehee ya haya hata mbuzi wa jirani anayajua? Nimeirudia kwenye basi, kwenye foleni ya kantini, Jumatano msimamizi kanipitisha mwaka wa tatu na mimi bado niko kwenye ehee.

Jana usiku sasa, nazipanga picha za sampuli, naona zile ambazo sikuzibana zina nyufa zimetapakaa kama utando wa buibui, ila zilizobanwa juu na chini nyufa nyingi zimesimama wima, zimefuata mzigo. Nikapiga simu bila hata kuangalia saa.

"Mama, jabali lililobebeshwa lingine linapasukaje?"

"Si wima. Ndo maana usisimame ubavuni kwake. We si hujawahi kuniuliza."

Nimecheka peke yangu kama chizi. Kwenye daftari la maabara nimeandika "mama, kwa simu", msimamizi atajua mwenyewe.

Ila alikuwa ananong'ona, eti Baraka amelala hapo sebuleni. Baraka si anatakiwa awe bweni? Mitihani yao inaanza Jumatatu.