Usingizi wa pono

Leo asubuhi gari la shule limepiga honi getini mara tatu na Kadogo bado amejikunja ndani ya neti, nikamvuta mguu nikamwambia we mtoto una usingizi wa pono, ndo akafumbua jicho moja, "Mama, pono ni nini?" Nikabaki nimeshika soksi. Huku kwetu Pasua, Moshi, pono anatajwa kila nyumba yenye mtoto mvivu wa kuamka, ila waliowahi kumwona sidhani kama wanafika watano.

Mi nilimwona. Nilikuwa la nne, mjomba kaja kutoka Tanga na deli la samaki, basi likaharibikia Same huko wakalala, barafu yote ikayeyuka, kafika stendi ananuka bandari nzima. Bibi mzaa baba alihama jikoni kabisa, kwake samaki ni nyoka tu wa majini, basi.

Kwenye beseni walikuwepo pono wawili, mmoja wa kijani cha kuingia bluu, mwingine wa manjano mwenye michirizi ya bluu ubavuni. Mjomba akanishika kidole akakipitisha mdomoni mwa yule wa kijani. Meno yameshikana yote yakawa mdomo wa kasuku, yanakwaruza kama tupa. Akasema haya ndo anakwangulia matumbawe, na huku kooni ana kinu kingine cha kusagia. Akampasua, akanikamulia utumbo kiganjani, ukatoka uji mweupe, nikausugua na vidole, mchanga! Ule laini kabisa wa ufukweni. Mnatandika mikeka mnapiga picha, kumbe mwingine ni choo cha huyu bwana. Nilitaka kunawa na nilitaka niendelee kuushika.

Halafu akaharibu. Akasema hawa wawili ni samaki yule yule, wa manjano ni jike, na jike akishakua anaweza kugeuka dume akabadili na rangi. Eti usiku anajitolea ute mdomoni unamfunika mwili mzima kama chandarua, wavuvi wanamkuta kalala mwambani wanamwokota. Baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini, "Shemeji, hiyo ya chandarua umetoka nayo Tanga au umeitungia njiani?" Na mimi nikacheka, tena kwa nguvu kumshinda baba, ili baba anione. Mjomba akaendelea kuparua magamba, hakuongea tena mpaka tunakula.

Gari likaondoka bila Kadogo, nikakaa kitandani na simu nikatafuta. Kwa picha nilizoona, jina la kitaalamu ni Scarus ghobban, na dume ndo yule wa kijani. Jike kugeuka dume, kweli. Chandarua nacho kweli, pono wengi wanacho, na wataalamu wanasema kinawakinga na vidudu vinavyonyonya damu usiku, yani mbu wa baharini kabisa.

Namba ya mjomba ninayo. Nikamwandikia "shikamoo mjomba" nikakwama hapo hapo, maana unaanzaje, samahani kwa kile kicheko cha mwaka ule wa samaki?

Kajibu sasa hivi: "Marahaba mjomba, hela sina."