Siku moja maishani mwangu: mhudumu wa vyumba melini, Geirangerfjord

Nikirudi Mombasa likizo, swali la kwanza ni lile lile: "Umeshaona nchi ngapi?" Watu wanadhani anayefanya kazi kwenye meli ya kitalii naye ni mtalii. Haya, leo nawachukulia siku moja ya mwezi wa nane, tukiwa Norwei. Meli imeng'oa nanga Bergen jana jioni na imekesha ikienda kaskazini huku abiria wakikoroma. Mimi natandika vitanda vyao. Vyumba kumi na sita, vyote ni vyangu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Simu inalia. Chumba chetu kiko chini kabisa, hakina dirisha, vitanda viwili vya kupandana. Mwenzangu ni Mfilipino wa jikoni. Tunajuana zaidi kwa viatu mlangoni kuliko kwa sura. Naoga, navaa sare, napiga chai ya haraka, naingia kwenye ujia mrefu wa wafanyakazi. Melini wengi huuita I-95, jina la barabara kuu ya Marekani, na kweli una foleni: mikokoteni ya vyakula, mafundi, magunia ya nguo chafu.

Saa kumi na mbili. Kupanga troli. Shuka, foronya, taulo, sabuni, karatasi za msalani.

Saa moja. Hii ndiyo saa tunayoisubiri. Meli imeingia fyodi, yaani mkono wa bahari unaopenya katikati ya milima. Huu wa Geiranger una kilomita kama 15, na tangu 2005 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Abiria wanapanda juu na kamera zao, vyumba vinabaki vitupu, nasi tunakimbia. Ng'oa shuka, kung'uta, kunja pembe, ingia bafuni, toka. Dirishani ukuta wa mwamba unapita karibu kama lori mnapopishana kwenye barabara nyembamba. Naona kijani, maji yanayochuruzika, kijani tena. Fyodi hii naijua kwa vipande, kipande kimoja kila chumba.

Masikio ndiyo yanayofaidi. Kwenye spika mwongozaji anasimulia habari za mashamba yaliyoning'inia juu ya majabali, sasa hayana watu. Kuna Skageflå, ambako inasemekana wenyewe walikuwa wakiivuta ngazi juu wakimwona mtoza kodi anakuja. Hapo hucheka peke yangu kila safari. Najua watu kwetu ambao wangeinunua ngazi hiyo hata kwa mkopo. Halafu anafika kwenye maporomoko: Dada Saba upande wa kaskazini, na ng'ambo yao poromoko jingine liitwalo Mchumba, ambaye aliwaposa wote saba, wakamkataa wote, akaishia kwenye chupa ya pombe.

Na hapo ndipo mzee wa chumba cha upande wa kulia wa meli aliponiita.

Alikuwa amesimama kwenye kibaraza chake na koti la kuogea. "Dada Saba wako wapi?" Nikamwambia, bwana, kwa sasa wako upande wa kushoto. Akaniangalia kana kwamba nimewahamisha mimi. Alilipia kibaraza, akasema, na katika picha ya tangazo Dada Saba walikuwa mbele ya kibaraza. Nikamweleza kwamba jioni tutatoka kwa njia hii hii, meli ikiwa imegeuka, kwa hiyo watakuwa upande wake. Hakunielewa. Nikachukua kipande cha sabuni, nikakunja taulo mbili zikawa milima, nikaviweka kitandani. Sabuni ikaingia, ikageuka, ikatoka. Mkewe akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Mzee akaitazama sabuni kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Basi mnanihamisha chumba saa ngapi?"

Nikamwambia meli imejaa. Nikamwambia juu kabisa kuna sitaha ya wazi, unaona pande zote mbili, lifti iko hapo tu. Akasema alilipia kibaraza ili asipande popote. Akataka msimamizi. Nikapiga simu, msimamizi akachelewa, na katika kumsubiri siruhusiwi kuondoka wala kukaa. Unasimama na tabasamu. Tabasamu la namna hiyo linauma mashavu, nawaambia. Huku kichwani nahesabu: vyumba kumi na kimoja bado, na watu wataanza kushuka wakishapoa. Msimamizi alipofika alimwambia maneno yale yale niliyomwambia mimi, bila sabuni, mzee akasema ahsante sana, sasa nimeelewa.

Kujibizana huwezi. Mwisho wa safari abiria wanajaza fomu ya maoni, na alama mbaya chini ya jina lako inakufuata mpaka siku ya kuongezewa mkataba.

Nilimsimulia mwenzangu wa Kilifi, yule wa dobi. "Yakhe," akasema, "ungemwachia hiyo sabuni aogee."

Asubuhi iliyobaki ilikwenda kwa mbio. Tulitia nanga Geiranger, kijiji cha watu wapatao 250 ambacho siku ya meli kinamezwa na wageni. Sikushuka, tulikuwa na mazoezi ya dharura. Hili nalo watu hawalijui. Kabla ya kunipa shuka walitaka cheti cha usalama baharini, nami changu nilikipata Bandari Maritime Academy pale Mombasa: kuzima moto, kugeuza boti ya mpira iliyopinduka, huduma ya kwanza. King'ora kikilia, mtandika vitanda ndiye atakayekufunga jaketi la kujiokolea na kukuonyesha boti yako. Kazi hiyo naionea fahari kuliko taulo nizikunjazo kuwa tembo.

Mchana, usingizi. Sheria ya kimataifa ya mabaharia inataka tupumzike angalau saa 10 katika kila 24, ila zinaweza kukatwa vipande viwili. Kipande changu cha mchana nikakipunguza kumpigia mama. Nikageuza simu aone mlima wenye theluji kileleni. "Mwanangu, vaa sweta," akasema. Mlima hakuusemea lolote.

Jioni tukang'oa nanga. Kutoka hapo sikuangalia saa tena. Duru ya pili ya vyumba, taulo mbichi, mapazia, barafu kwa huyu, mto wa ziada kwa yule, mtoto ametapika ujiani. Miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu na mgongo ulishagoma tangu chumba cha tisa.

Mzee akanisubiri mlangoni. Dada Saba walikuwa wamepita mbele ya kibaraza chake, kama sabuni ilivyosema.

"Nimewahesabu," akasema. "Ni sita."

Nikamweleza kwamba maji yale ni theluji iliyoyeyuka, kiangazi kikisonga baadhi ya mikondo hukauka. Akabaki ananitazama. Nami nimechoka, nikamwambia labda mmoja ameshaolewa na yule jirani wa ng'ambo.

Mkewe akaangua kicheko huko ndani. Mzee akaniuliza kesho kifungua kinywa kinaanza saa ngapi.